Dawa ya nano na kovu la moyo: jibu kwa mwalimu wa Tukuyu

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Tukuyu. Baba yangu ana miaka 63, ni mkulima wa chai na migomba. Mwaka juzi alipata mshtuko wa moyo, tukamfikisha hospitali siku ya pili yake. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) cha mwisho kilionyesha moyo unasukuma asilimia 32 ya damu inayojaa ndani yake, na daktari akatuambia sehemu ya msuli imekufa na kuwa kovu. Anatumia dawa aina tano kila siku. Sasa nimeona kwenye simu habari za chembechembe za nano zinazobeba dawa mpaka kwenye kovu na kuurudisha moyo katika hali yake. Tena hapa Mbeya mjini kuna mtu anauza vidonge anavyoviita vya nano, dozi ya miezi mitatu shilingi 680,000, na anasema baba aache dawa za hospitali ili zisigombane. Kaka zangu wameshapata mnunuzi wa ng'ombe wawili. Je, jambo hili ni la kweli? Tununue, tusubiri, au tumpeleke India?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na poleni kwa kumuuguza mzee. Nianze na lile lisilosubiri maelezo: baba asiache dawa yoyote ya hospitali kwa maneno ya huyo muuzaji, na ng'ombe wabaki zizini. Sasa nikujibu kwa kirefu, maana umeuliza jambo kubwa na lina ukweli ndani yake. Teknolojia uliyoisoma ipo. Mimi ni mfamasia, nafundisha jinsi dawa zinavyosafiri mwilini, na katika utafiti wote unaoendelea duniani huu ni miongoni mwa ule ninaoufuatilia kwa hamu kubwa. Lakini kati ya kinachofanyika maabara na kinachouzwa hapo mjini hakuna undugu hata wa mbali.

Tuanze na moyo wenyewe. Mshipa unaoulisha msuli wa moyo ukiziba, seli za msuli huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo eneo lililokufa linavyopanuka. Mshtuko mkubwa unaweza kuua seli zinazokaribia bilioni moja. Mwili hutuma seli za kinga kusafisha mabaki, kisha zinafuata seli za kutengeneza nyuzi, zinaziba pengo kwa kolajeni, protini ya nyuzi ngumu. Baada ya wiki kadhaa, pale palipokuwa na msuli unaodunda panabaki kovu gumu. Kovu hilo tusilitukane, bila hilo ukuta wa moyo ungeweza kupasuka. Tatizo ni kwamba halisukumi damu. Msuli uliobaki hai unabeba mzigo wake na wa wenzake waliokufa, unachoka, unatanuka, na hapo ndipo mgonjwa anaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda kilima kidogo tu.

Ngozi ikikatika inajirudisha, ini likikatwa kipande linakua tena. Moyo je? Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba seli za msuli wa moyo hazizaliwi upya kabisa. Mwaka 2009 kundi la Jonas Frisén wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, lilipata njia ya ajabu ya kulichunguza jambo hilo. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewani kaboni ya aina ya pekee, ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na mwisho kwenye vinasaba vya watu. Kwa kupima kaboni hiyo katika seli za moyo waliweza kukadiria seli hizo zilizaliwa lini. Wakakuta kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli zake za msuli wa moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo uwezo upo, ila ni mdogo mno kuziba pengo la seli bilioni moja.

Kuna viumbe waliobarikiwa kutuzidi. Yuko samaki mdogo mwenye milia anayefugwa maabara: mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba ukimkata asilimia 20 ya chumba cha moyo kinachosukuma damu, baada ya miezi miwili hivi kimeota tena kikiwa na msuli halisi. Mwaka 2011 watafiti wa Texas wakaonyesha kwamba hata mtoto wa panya wa siku moja anaweza hivyo, lakini akifikisha wiki moja uwezo umekwisha. Hapo ndipo lilipozaliwa tumaini lote unalolisoma kwenye simu. Kama amri ya kujenga msuli ipo na imelala, je, tunaweza kuiamsha?

Jibu ni kwamba inaweza kuamshwa, na hatari yake imeshaonekana. Mwaka 2019 kundi la Mauro Giacca lilichapisha katika jarida la Nature majaribio ya nguruwe waliopata mshtuko wa moyo. Waliwapa, kwa kutumia kirusi kilichofanywa kisilete ugonjwa, kipande kidogo cha vinasaba kinachoamuru seli za msuli zigawanyike. Baada ya mwezi mmoja kovu lilikuwa limepungua na moyo unasukuma vizuri zaidi. Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini amri ile haikuwa na namna ya kuzimwa, iliendelea kutolewa wiki baada ya wiki, na wengi wa nguruwe wale wakafa ghafla kwa mapigo ya moyo kuvurugika. Seli mpya ambazo hazijakomaa hazidundi kwa mpangilio mmoja na wenzake, na moyo usiodunda kwa mpangilio unaua kwa dakika chache.

Nimekueleza hayo kwa makusudi, Mwalimu, kwa sababu ndiyo sababu yenyewe ya nano. Dawa ya kujenga moyo lazima ifike mahali hasa panapohitajika, kwa kiasi kinachopimika, na iishe kwa wakati. Ikizagaa mwili mzima inaweza kuamsha seli zisizotakiwa kuamshwa, na ikidumu kupita kiasi inaua kama ilivyoua nguruwe wale.

Chembe ya nano ni kifuko au punje ndogo sana ambayo upana wake, kwa dawa nyingi, ni kati ya nanomita 50 na 200. Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Seli moja nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, kwa hiyo chembe hizi zinapita hata kwenye mishipa myembamba kuliko yote bila kukwama. Zilizotumika muda mrefu zaidi ni liposomu, vifuko vya mafuta yanayofanana na yale ya ngozi ya seli zetu, alivyovieleza Mwingereza Alec Bangham katika miaka ya 1960. Unafunga dawa ndani ya kifuko, dawa haigusi mwili mpaka kifuko kifunguke.

Na hili si jambo la kesho, limeshafika hata jirani zetu. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha doksorubisini iliyofungwa kwenye liposomu kwa ajili ya saratani. Dawa hiyo ikiwa tupu huuharibu moyo, ikiwa kwenye kifuko madhara hayo kwa moyo hupungua sana. Huko ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, pamoja na Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, lilifanyika jaribio la wagonjwa zaidi ya 800 wenye VVU waliopata homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: dozi moja kubwa ya amfoterisini, dawa ya fangasi, ndani ya liposomu, pamoja na vidonge vya wiki mbili, iliwasaidia wagonjwa sawasawa na tiba ya zamani ya dripu ya wiki nzima, tena kwa madhara machache. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huohuo. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna nazo zilibebwa na chembe za mafuta za nano. Kwa hiyo mtu akikuambia nano ni uongo mtupu, naye amekosea.

Sasa kwa nini dawa ya fangasi imefaulu na ya moyo bado? Kwa sababu ya safari. Chembe yoyote ikichomwa kwenye damu, mwili unaiona kama mgeni. Protini za damu zinaivamia na kuifunika ndani ya muda mfupi, kisha seli za kinga zilizokaa kwenye ini na wengu zinaikamata. Ini ni kama mizani ya Makambako: mzigo uwe unakwenda Tunduma au Songea, lazima upite pale, na mwingi unashushwa. Ini hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa kila dakika, na kuta za mishipa yake zina matundu yanayoruhusu chembe kupenya. Msuli wa moyo, pamoja na kazi yake yote, unapata asilimia 5 tu ya damu hiyo, na mishipa yake midogo imefungamana vizuri, haina matundu. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya aina yake iliyotumia chembe za mafuta kubeba amri ya vinasaba, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ilikuwa ya ugonjwa ambao chanzo chake kipo kwenye ini. Chembe zenyewe zinapenda kwenda huko, watafiti wakatumia tabia hiyo.

Takwimu moja itakusaidia kuona ukubwa wa kazi. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilipitia tafiti za miaka kumi za chembe za nano zilizolengwa kwenye uvimbe wa saratani katika wanyama. Katika tafiti hizo, kiwango cha katikati cha dozi iliyofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7. Yaani ukichoma chembe elfu moja, saba zimefika. Na uvimbe una mishipa inayovuja, moyo wenye afya hauna. Kila ninaposoma kichwa cha habari kinachosema dawa inakwenda moja kwa moja kwenye moyo, swali langu la kwanza ni hilo: ngapi zimefika, na zilizobaki ziko wapi?

Watafiti hawajakaa kimya mbele ya kikwazo hicho, na hapa ndipo kuna utamu wa kazi yao. Njia ya kwanza ni kutumia jeraha lenyewe. Katika siku chache za mwanzo baada ya mshtuko wa moyo, mishipa ya eneo lililoumia huvuja, na seli zake huweka kwa wingi kwenye ngozi zao kipokezi, yaani mlango wa kupokea ishara, cha homoni iitwayo angiotensini. Mwaka 2011 Tal Dvir, Daniel Kohane na Robert Langer walitengeneza liposomu za nanomita 142 zilizovikwa vipande vya protini vinavyoshika kipokezi hicho. Kwenye panya waliopata mshtuko wa moyo, liposomu hizo zilijikusanya upande ulioumia kuliko upande usioumia.

Njia ya pili ni kulikwepa ini. Damu inayotoka kwenye mapafu inaingia moyoni moja kwa moja kabla ya kwenda popote pengine. Waitalia wakiongozwa na Daniele Catalucci walitumia jambo hilo: mwaka 2018 walichapisha majaribio ambayo panya wenye moyo ulioshindwa, yaani usiosukuma damu ya kutosha, walivuta kwa pumzi chembe za fosfati ya kalsiamu, madini yaleyale yaliyomo kwenye mifupa yetu, zilizobeba kipande cha protini cha kuusaidia msuli kujikunja. Moyo ukaongeza nguvu. Kwa nguruwe wasio na ugonjwa wa moyo walionyesha kwamba chembe hizo zinafika.

Njia ya tatu ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, kwa sababu iliacha kabisa kuulenga moyo. Mwaka 2022 kundi la Jonathan Epstein wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitumia chembe za mafuta zilizovikwa kingamwili inayoshika seli za kinga aina ya T. Ndani ya chembe kulikuwa na mRNA, ile amri ya muda iliyotumika kwenye chanjo za UVIKO-19. Seli za T zikapokea amri, zikajifunza kuzitambua seli zinazofuma kovu kupita kiasi, zikasafiri zenyewe mpaka moyoni na kuzishambulia. Kovu likapungua, moyo ukafanya kazi vizuri zaidi, na baada ya siku chache amri ikayeyuka na seli zikarudi kuwa za kawaida. Hebu fikiria: kinachosafiri mpaka moyoni ni askari wa mwili wenyewe, ambao njia wanaijua. Lakini wote hao walikuwa panya, na jeraha la moyo wao lilisababishwa na dawa walizochomwa. Hawakuwa na kovu kubwa la mshipa ulioziba kama la baba.

Hapo niseme jambo ambalo habari za kwenye simu hazilisemi. Karibu majaribio yote ya aina hii huanza tiba ndani ya saa, siku au wiki chache baada ya jeraha, wakati mishipa inavuja na kovu bado bichi. Kovu la baba lina zaidi ya mwaka. Limekauka, mishipa yake ni michache, na seli za msuli za kuamshwa hazimo ndani yake, zimebaki pembezoni. Hata dawa hizi zikifika hospitalini, natarajia zitawafikia kwanza watu waliofikishwa siku ileile ya mshtuko. Sikuambii hivi kumkatisha mzee tamaa. Nakuambia ili kijana yeyote wa familia yenu, siku akibanwa na kifua kama ameelemewa na mzigo huku jasho jembamba likimtoka, msingoje kukuche.

Kuna jingine linalonigusa kama Mtanzania. Utafiti wa nano ya moyo umejengwa juu ya ugonjwa wa mishipa kuziba, kwa sababu ndio unaoua zaidi kwenye nchi zenye maabara hizo. Kwetu picha ni nyingine. Utafiti ulioongozwa na Abel Makubi pale Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 400 wenye moyo ulioshindwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, karibu nusu yao walifikishwa hapo na presha, na wenye mishipa ya moyo iliyoziba hawakufika mmoja katika kila kumi. Baba yako ni wa hao wachache. Wapo pia walioharibiwa valvu (milango ya moyo) na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, na hao chembe ya nano ya kujenga msuli haiwagusi. Wewe ni mwalimu: mtoto wa darasa lako mwenye koo linalouma na homa, bila mafua, apelekwe zahanati akapimwe, maana penisilini ya wakati huo huzuia upasuaji wa valvu miaka ishirini baadaye. Ningependa sana kuona vijana wetu wa famasia na baiolojia wakiingia kwenye utafiti huu wa nano wakiwa na swali la moyo wa presha mkononi, kwa sababu hakuna atakayetuulizia.

Nirudi kwa muuzaji wako. Mwaka huu tunaoongea, hakuna mamlaka ya dawa ya nchi yoyote iliyosajili dawa ya nano ya kujenga upya msuli wa moyo. Si Tanzania, si India, si Marekani. Kwa hiyo anachouza hakiwezi kuwa hicho. Pili, ni kidonge cha kumeza. Chembe zote nilizokutajia huchomwa kwa sindano au huvutwa kwa pumzi. Ukiimeza chembe ya mafuta iliyobeba mRNA au protini, asidi ya tumbo na vimeng'enya vya utumbo vinaichambua kama vinavyochambua maharage, na kitakachosalia kinapelekwa kwanza kwenye ini. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, amesema dawa za hospitali ziachwe. Mtu anayejua dawa angekuuliza mzee anatumia zipi, dozi gani, figo zikoje.

Ndani ya vidonge vyake sijui kuna nini, na wewe pia hujui, ndiyo hatari yenyewe. Baadhi ya bidhaa zinazouzwa duniani kwa jina la nano zina madini ya fedha. Madini hayo yakinywewa muda mrefu hujikusanya mwilini na kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu cha bluu, rangi ambayo haitoki. Nyingine hukutwa na dawa za maumivu au steroidi zilizochanganywa kwa siri, mgonjwa anajisikia nafuu kwa wiki mbili huku mwili unashika maji. Hapo hapo umuulize baba kama ananunua diklofenaki au ibuprofeni dukani kwa ajili ya mgongo baada ya kuchuma chai. Wakulima wengi hufanya hivyo. Kwa moyo wake dawa hizo ni sumu ya polepole, aombe parasetamoli.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapo Mbeya. Nendeni na jina la bidhaa au picha ya boksi, waulizeni kama imesajiliwa. Mkifanya hivyo mtakuwa mmewasaidia na wengine ambao ng'ombe wao wameshauzwa.

Sasa nije kwenye dawa tano za baba, ambazo familia imezizoea mpaka zimeonekana hazina maana. Dawa hizo zimepimwa kwa maelfu ya watu, si panya. Kama miongoni mwake kuna losatani, hiyo inakwenda kukaa kwenye kipokezi kilekile cha angiotensini ambacho liposomu za mwaka 2011 zilikuwa zinakilenga, na inakizuia kisiendelee kuamuru moyo utanuke na kufuma kovu. Enalaprili inafikia lengo hilo kwa mlango mwingine. Spironolaktoni, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999 kwa wagonjwa wenye moyo ulioshindwa vibaya, ilipunguza vifo kwa asilimia 30, na sehemu ya kazi yake ni kupunguza ufumaji wa kovu jipya. Dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari, katika jaribio la mwaka 2019 ilipunguza kwa asilimia 26 hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo au hali kuzidi kuwa mbaya, hata kwa wasio na kisukari. Kwa baadhi ya wagonjwa, dawa hizi zikipandishwa mpaka dozi inayotakiwa, moyo uliotanuka hunywea na asilimia ya kusukuma hupanda. Kovu halitoki, lakini msuli ulio hai unapata nafuu ya kufanya kazi. Huo nao ni ukarabati wa moyo.

Na ukitaka kujua kinachotokea zikiachwa, kuna jaribio la Uingereza lililotolewa mwaka 2018. Wagonjwa 51 ambao moyo wao ulikuwa umetanuka na kisha ukapona kabisa kwa dawa, tena bila dalili yoyote, waligawanywa: wengine waendelee, wengine waache polepole chini ya uangalizi wa madaktari bingwa. Ndani ya miezi sita, zaidi ya wanne katika kila kumi walioacha ugonjwa ulikuwa umewarudia. Katika walioendelea hakuna hata mmoja. Hao walikuwa wamepona. Baba yuko asilimia 32, na kwa kuwa chanzo chake ni mshipa ulioziba, akiacha aspirini na statini (dawa ya kupunguza lehemu) anaukaribisha mshtuko wa pili.

Kwa hiyo kwenye kliniki ijayo msikubali kuchukua dawa na kuondoka tu. Mwulizeni daktari kwa heshima: dozi hizi zimefika juu au bado kuna nafasi ya kupandisha? Dapagliflozini au ndugu yake empagliflozini inamfaa? Potasiamu na figo zimepimwa lini? Eko irudiwe lini? Nyumbani mzee apimwe uzito kila asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya chai. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu ni maji hayo, aende hospitali kabla hajaanza kukosa pumzi. Chumvi ipungue kwenye mboga ya familia nzima, asitengewe sufuria yake kama mtu aliyeadhibiwa.

India msimpeleke kwa ajili ya nano, kwa sababu tiba hiyo haipo huko pia. Kama swali ni mishipa iliyoziba, kwamba izibuliwe au apandikiziwe mingine, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inafanya kazi hizo, na rufaa inatoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kusubiri nako, msubiri huku mnatibu. Mtu anayekutajia mwaka ambao dawa hii itafika anakisia.

Siku moja huenda ukasikia jaribio la kweli limekuja nchini. Mbeya si wageni wa mambo hayo: kituo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kimeendesha majaribio ya dawa za kifua kikuu na tafiti za VVU, na watu wa hapo wanajua utafiti halali unavyokuwa. Unakuwa na kibali cha maadili cha NIMR na kibali cha TMDA. Unasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, unaruhusiwa kukataa, unaruhusiwa kujitoa katikati, na hulipi hata shilingi kwa dawa inayojaribiwa. Ukidaiwa pesa, hiyo ni biashara. Hata jina la chuo kikubwa lisikutoshe: mwaka 2018 Harvard na hospitali yake walipendekeza makala 31 za Piero Anversa, mtafiti wa seli shina (seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) za moyo aliyesifiwa dunia nzima, zifutwe kwa kuwa na takwimu za uongo. Wagonjwa walikuwa wameshaingizwa kwenye majaribio. Tangu hapo mimi hungoja maabara ya pili na ya tatu zipate matokeo yaleyale ndipo niyaamini.

Kaka zako waambie hivi: 680,000 ni pesa ya kumlipia mzee nauli ya kliniki, eko na vipimo vya damu kwa muda mrefu. Na wewe, kama ni mwajiriwa wa serikali na baba hayumo bado kwenye bima yako, angalia kama umebakiwa na nafasi ya mtegemezi, umjazie fomu wiki hii kabla ya tarehe ya kliniki.